Nomiya Aliyenukuliwa Sana

Nimeosha chupa za maabara ya figo miaka thelathini na minne, zile pana kwanza, kisha zenye shingo nyembamba zinazotaka brashi ndefu na maji ya uvuguvugu. Daktari Kuramochi Chizuru namjua tangu koti lake jeupe lilipokuwa bado na mikunjo ya dukani.

Mwaka ninaousimulia alitimiza miaka sitini na mitano, na Machi iliyofuata angestaafu. Mumewe alikwishafariki, na watoto hawakujaliwa. Alichoomba kilikuwa kimoja tu: aachiwe kile chumba kidogo mwisho wa korido, chenye meza, hadubini na dirisha linalotazama banda la panya. Lakini kanuni ya chuo ilitaka mstaafu awe na makala zilizonukuliwa na wataalamu wengine angalau mara elfu moja. Kompyuta ilimpa mia mbili na kumi na mbili.

Oktoba tukafanya ibada ya kuwaombea panya wa maabara, kama kila mwaka. Nyuma ya banda lipo jiwe la kaburi lao. Wote waliowaua panya kwa ajili ya utafiti hupanga mstari mbele yake, kila mmoja akaweka ua, akachoma ubani, akainama. Mimi hupeleka na mbegu za alizeti, maana panya maua atayafanyia nini? Mbele yangu walisimama Daktari na Tachikawa, mtafiti kijana aliyekuja mwaka ule.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa figo," Tachikawa akasema. "Umewahi kumsoma Nomiya?"

"Kidogo."

"Kidogo? Mwalimu! Ile makala yake ya figo inayojiponya imenukuliwa mara elfu moja na mia tisa! Halafu mwenyewe akapotea kabisa. Nadhani alikufa."

"Huenda," Daktari akajibu, akaweka ua lake.

Mbegu zikanimwagika. Nomiya ni yeye! Ndilo jina la baba yake. Alipoolewa, profesa mkuu wa wakati ule alimwambia kwamba mke hubeba jina la mume, basi na makala zake zibebe hilohilo, asiwachanganye watu. Akatii. Kompyuta ikaona watu wawili.

"Mbona ulinyamaza?" nilimuuliza baadaye kwenye sinki.

"Dada Fumi, nianze kujisifu mbele ya kaburi la panya?"

"Basi jisifu hapa. Chupa zangu hazina umbea."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye hadubini yake. Nikavua glavu, nikaenda mwenyewe ofisini kwa Bi Orito, anayeshika hesabu za makala za chuo.

"Bibi, mimi nakuamini," Bi Orito akaniambia. "Kompyuta ndiyo haikuamini. Alete nakala ya daftari la familia yao, lile la zamani lenye jina lake la kuzaliwa, kabla ya mwisho wa Januari."

Wiki tatu Daktari alikataa. Alhamisi moja akanijia na koti zito mkononi. "Nisindikize. Peke yangu nitashukia njiani nirudi."

Ilikuwa safari ya saa tatu kwa treni, theluji madirishani. Tulikula matonge ya wali yenye tunda chachu katikati; tonge lake alilila nusu tu. Kwenye ofisi ya mji wao karani alitupa nakala, naye akaisoma amesimama. Baba, mama, kaka: kila jina limepigwa msalaba wa wino. La kwake pia. Mtu akifa, msalaba. Binti akiolewa, msalaba uleule.

"Tachikawa hakukosea sana," akasema.

Niliichukua ile nakala, nikaikunja. Nikamfunga skafu vizuri.

Februari watu wale wawili wa kompyuta wakawa mmoja, na chumba akapewa. Tachikawa alikuja mbio, akainama hadi nikahofia mgongo wake.

"Mwalimu, nisamehe! Nimekuua mbele ya panya wote!"

"Angalau uliniulizia. Kaa unywe chai."

"Nina kikao, Mwalimu. Siku nyingine." Akaondoka. Siku hiyo nyingine sikuiona.

Machi mkataba wangu nao uliisha. Siku ya mwisho nilimpelekea chai ya kijani na biskuti za mchele. Alikuwa amechapisha orodha ya wote waliomnukuu, anashuka nayo kwa ncha ya penseli, jina baada ya jina.

"Huyu yuko Brazili," akasema. "Huyu Ufini."

"Unawajua?"

"Hapana." Akageuza ukurasa. "Kesho unakuja saa ngapi?"

"Kesho siji, Chizuru. Ni leo mwisho. Nilikwambia."

"Ndiyo. Uliniambia."

Tulikunywa, tukitazama banda. Kisha nikaviosha vikombe vyote viwili, nikavikausha. Changu nilikitia mfukoni, kisha nikakitoa tena, nikakiweka pale rafuni kando ya chake.