Uvimbe Uliojua Kusalimia

Maharage yalikuwa yameanza kutoa povu jikoni wakati Kezia alipomkalisha binti yake Herieth kwenye kigoda, akamfunua kifua, akaanza kumchana ziwa la kushoto. Ndivyo inavyofanyika kijijini Nyakitonto, ziwa la mzazi likiwa gumu. Kitana cha mti kinapashwa juu ya jivu la moto, ziwa linapakwa mawese, halafu linachanwa kutoka juu kuelekea kwenye chuchu mpaka maziwa yaliyoganda yafunguke. Kezia naye alichanwa na mama yake, na maziwa yakafunguka. Herieth alikuwa anachanwa tangu maharage yanapandwa. Sasa maharage yale yale yalikuwa yanachemka, na lile gumu lilikuwa pale pale.

"Mama, unanichana kama nywele," Herieth alisema. "Imebaki kunisuka tu."

"Tulia. Linauma?"

"Haliumi."

"Basi afadhali, kama haliumi."

Kosa lilianzia hapo, na si la Kezia peke yake. Wanawake wa kule wanahesabu kwamba kisichouma kinapona. Kile cha Herieth hakikuwa kinapona. Kilikuwa kinakaa vizuri.

Nadège aliingia na beseni lake la sabuni kichwani. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, anauza sabuni za vipande chini ya kibanda cha nyasi karibu na barabara. Mwaka uliopita Herieth alipojifungua, damu ilimtoka mpaka midomo ikawa kama majivu. Ndugu wote walipimwa na hakuna aliyelingana naye. Nadège, aliyekuwa amekuja kumtazama jirani yake tu, akalingana. Tangu siku ile kila akipita anauliza habari za damu yake.

"Damu yangu imelamuka muzuri?" aliuliza.

"Imeamka, imeshapiga deki," Herieth akajibu.

Nadège akacheka, lakini alipoinama kuliona ziwa akaacha. "Mama Kezia, hii haiko maziwa. Mupeleke."

Gari la Kasulu lilikuwa limeshapita asubuhi ile, likabaki la Kibondo. Wakapanda hilo. Aliyewasindikiza ni mzee Stanislaus, baba mkwe wa Herieth, maana Philemon mumewe alikuwa mtu wa kumwachia baba yake maneno yote. Stanislaus alikuwa kamanda wa sungusungu, lile jeshi la kijiji linalofukuza wezi. Alipanda gari na rungu lake, na kondakta akampisha kiti cha mbele.

Daktari aliyewapokea Kibondo aliitwa Elisante, mtu wa kuja, kapangiwa kazi huku kutoka Upareni. Alilichoma lile gumu sindano akatoa kipande cha kupima, akachukua na damu ya mkononi. Damu ilipotulia kwenye chupa, askari wa mwili wakaonekana. Walikuwa weupe, wakubwa kama punje ya ulezi, kila mmoja na kirungu chake, wanatembea juu ya kioo kwa ndani.

"Kwa wengine huonekana," daktari alisema, akafunga kizibo.

Majibu yalipotoka waliitwa tena. Ilikuwa saratani. Daktari Elisante aliwaeleza polepole, kwa mikono, kama anayeeleza njia.

"Hawa askari kila mtu anao. Kazi yao ni kupiga kisichokuwa cha nyumbani. Taabu ya huu uvimbe ni kwamba wenyewe ni wa nyumbani, umeota kwenye nyama yake Herieth. Askari wanaupita kama unavyompita jirani. Nchi za wenzetu wanawatoa nje, wanawafundisha sura ya saratani, wanawaongeza wawe wengi, wanawarudisha. Kwa saratani ya ziwa ndiyo bado wanajaribu. Na wakikosea kuwafundisha, wanapiga mpaka nyama nzima. Hapa kwetu tuna kisu, na kisu bado hakijachelewa. Mleteni Jumanne nimkate. Akipona kidonda ataenda Dar kumaliziwa kwa dawa."

"Mke wa mwanangu akatwe ziwa na askari wapo?" Stanislaus aliuliza.

"Askari hawa hawajafundishwa, mzee."

"Basi kama shida ni hiyo tu, nimeelewa."

Akachukua ile chupa juu ya meza, akaitia kwenye mfuko wa koti. Kezia aliona. Alitaka kusema neno moja, Jumanne, akalirudisha. Binti alikuwa ameshaolewa, na kule mwanamke akishaolewa anasemewa na upande wa mume. Mama yake anaulizwa uji tu, kama amekunywa au hakunywa.

Mafunzo yalifanyika uani kwa Stanislaus, mchana kweupe, juu ya ungo. Aliwamwaga askari, wakajipanga. Aliwanywesha uji wa ulezi, wakaongezeka mpaka ungo ukawa mweupe. Watu waliokwenda kisimani walisimama kutazama kidogo, wakaendelea na ndoo zao.

Aliwafundisha kama alivyowafundisha vijana wa kijiji, maana hakujua namna nyingine. Yowe likipigwa, wote mbio. Mkimkuta mtu, kwanza msalimieni kwa Kiha. Akishaitikia, muulizeni ni wa nani na babu yake kazikwa wapi. Ulikuwa mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tatu, wa msako wa wageni wasio na vibali, ambao hata wenyeji waliulizwa makaburi ya babu zao barabarani. Akishindwa kujibu, ni wa kupigwa. Na fundisho la mwisho, lililokuwa la zamani kuliko Stanislaus mwenyewe: kila mtu lazima apige, hata fimbo moja, ili asibaki wa kutoa ushahidi.

"Daktari kasema wafundishwe sura ya huo ugonjwa," Kezia alisema, amesimama pembeni na kanga imefungwa kiunoni.

"Mama Herieth, mwizi hana sura," Stanislaus akajibu bila kugeuka. "Mwizi anajulikana kwa kujibu."

Jumanne ilipofika, Kezia alikuwa amefunga kanga mbili na sufuria ndogo kwenye mfuko, akakaa navyo mlangoni. Gari la Kibondo lilipiga honi barabarani. Likapiga tena. Kisha akalisikia linapanda kilima, linabadilisha gia, linakwenda.

Siku hiyo hiyo Stanislaus aliwaleta askari kwa Kezia kuwarudisha. Herieth alinyoosha mkono, nao wakaingia mstari mmoja kwenye alama ya sindano, wakipiga saluti.

"Wananitekenya," alisema, akacheka. Hicho ndicho kicheko chake Kezia alichobaki nacho.

Kezia aliweka sikio kifuani kwa binti yake. Alisikia vizuri, kama unavyosikia ugomvi wa jirani kupitia ukuta wa matete. Askari waliufikia uvimbe wakasimama.

"Mwakeye," wakasema.

"Mwakeye neza," uvimbe ukaitikia, kwa sauti ya mtu mzima aliyeshiba. "Karibuni mkae."

"Wewe wa nani?"

"Wa hapa hapa. Mjukuu wa Kezia, mtoto wa Herieth. Mababu zangu wamezikwa nyuma ya migomba ile, pale penye mawe. Nani hanijui?"

Askari wakaomba radhi kwa usumbufu. Uvimbe ukawapa mahali pa kukaa, wakapumzika, na mmoja alisifu jinsi palivyo pakubwa. Kezia alimsikia akisema hivyo.

Walipoinuka wakakutana na damu ya Nadège. Ilikuwa kwenye kazi zake, imebeba mizigo, haikuwa na habari.

"Mwakeye."

"Bonjour. Tuko bien," damu ikajibu.

Yowe likapigwa humo ndani.

Herieth alishika tumbo. Alama zikaanza kujitokeza kwenye ngozi, nyekundu, halafu nyeusi, ndefu kama fimbo, mgongoni na mapajani. Damu ikamtoka puani. Mwili ukawa wa moto, na kitambaa cha maji kilikauka kila Kezia alipomwekea kwenye paji. Meno mawili yalilegea. Philemon alisimama mlangoni na mtoto, akasema atamwita baba, akaenda kumwita baba.

Stanislaus alikuja akakaa kwenye kigoda kile cha kuchania.

"Wanampiga asiye na kosa," Kezia alimwambia. "Uvimbe wameukuta, wameketi nao. Mkwe, waite watoke. Kesho nampandisha gari."

"Wanampiga nani?"

Kezia alikuwa na hofu, na mwenye hofu hujibu alichoulizwa.

"Damu ya Nadège."

"Haikuitikia?"

"Iliitikia kwa kwao."

Stanislaus aliegemeza rungu ukutani. Hakukasirika, alikuwa mtu wa kufikiri. "Basi mgonjwa wetu tunajua nani kamtia ugonjwa," alisema. Akatoka uani, akaweka mkono mdomoni, akapiga yowe.

Kijiji kizima kiliacha kilichokuwa mkononi. Majembe yalibaki yamesimama kwenye matuta. Wanaume walikuja na fimbo, wanawake na michi, kwa mwendo wa watu waliozoea. Asiyeitika yowe anaulizwa kesho yake alikuwa wapi, na yeye na mwizi wana nini. Kezia alipewa fimbo na mtu aliyekuwa na mbili.

Nadège alikuwa chini ya kibanda chake anakata mche wa sabuni kwa uzi. Aliwaona wanakuja akafikiri wanamfukuza mtu mwingine, akasogeza beseni wasije wakalikanyaga.

"Mwakeye," Stanislaus alimsalimia, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu.

"Mwakeye, baba," Nadège akajibu. Alikuwa amejifunza.

"Babu yako kazikwa wapi?"

"Fizi," akasema, kwao Kongo.

Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili kwenye sikio, mchi ukamvunja mkono aliouinua. Alianguka juu ya sabuni. Walipiga kwa zamu na baadaye bila zamu. Vumbi lilipanda na povu likatoka, maana mtu alikuwa amepiga teke ndoo ya maji na sabuni zilikuwa chini, na povu lilikuwa la rangi ya waridi. Walimu wawili wa kuja walisimama ng'ambo ya barabara. Wakaitwa, wakaja, wakapiga.

"Mama Kezia," Nadège alisema kutoka chini. Jicho moja lilikuwa limefumba. "Waambie."

Watu wakamtazama Kezia. Fimbo yake ilikuwa haijapiga.

Akapiga. Alichagua kifundo cha mguu, na alipiga polepole, kama unavyompiga mbuzi atoke shambani. Wakati ule ule, kutoka nyumbani kwake, akamsikia Herieth akikohoa mara moja. Ndipo Kezia akajua kwamba kila fimbo iliyotua pale barabarani ilikuwa inatua na kule kitandani. Alilitamka hilo kwa sauti. Aliyekuwa karibu naye akasema eee, inawezekana, ni damu moja, akainua mchi wake tena.

Nadège alipokata roho, damu yake ndani ya Herieth iliweka mizigo chini na kutoka. Ilitoka puani na mdomoni na machoni, ikapita chini ya mlango, ikashuka njia ya kisimani, ikaingia barabarani, ikashika upande wa Nyarugusu. Wenye baiskeli waliikwepa. Herieth alibaki mweupe kama mara ile alipojifungua, na safari hii hakukuwa na wa kulingana naye. Jioni akafa.

Polisi walikuja, wakauliza nani alimwona nani. Hakuna aliyeona, maana kila aliyekuwepo alikuwa amepiga. Wakanywa maji, wakaondoka. Kibanda kilibomolewa kwa ajili ya nyasi zake.

Herieth alizikwa nyuma ya migomba, penye mawe. Uvimbe haukufa naye. Ulikuwa umefikia ukubwa wa papai, na watu walipopita kuaga uliwaitikia pole zao mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo, bila kukosea hata mmoja. Bibi mmoja alisema angalau msiba una mwenyeji. Walipofukia udongo sauti ikaendelea kidogo, inashukuru.

Askari walitoka kabla ya maziko, wakajipanga kwenye ungo. Hawakupungua. Stanislaus aliwarudisha kwenye chupa, akaiweka darini, na habari zikaenda. Wakaanza kuja wanawake wa Kitanga, wa Makere, hata wa huko mbali. Walikuja wameshika kanga kifuani kwa namna ambayo Kezia sasa aliijua kutokea kilimani.

Kezia alihamishia kigoda chake njiani. Alikaa hapo kila asubuhi na mjukuu mgongoni, na kila aliyepita alimwambia maneno yale yale, bila kupandisha sauti. Jiguse. Ukikuta gumu, usichane. Lisipouma ndiyo ukimbie zaidi. Gari la Kibondo linapita pale kwenye wembamba wa barabara, linapiga honi mara mbili, kule kuna daktari ana kisu, na kisu hakijachelewa.

Mwanamke mmoja mdogo kutoka Kitanga alisimama akamsikiliza mpaka mwisho. Chini, honi ikalia.

"Nimesikia, mama," alisema kwa heshima, akapiga goti kidogo. "Lakini mimi langu wanasema ni maziwa tu. Halafu shangazi kaniambia hapa kuna askari."

"Wapo," Kezia akasema.

"Wanauma?"

"Wanatekenya."

Mwanamke akashukuru, akaingia uani kwa Stanislaus. Honi ikalia tena, gari likapanda kilima. Mjukuu alianza kulia. Kezia aliingiza mkono chini ya kanga, akampapasa mtoto kifua chote, kama alivyofanya kila siku, kwanza kushoto, halafu kulia. Palikuwa laini.

Kisha yowe likapigwa. Kezia akamkaza mtoto mgongoni, akachukua fimbo iliyokuwa imeegemea kigodani, akaenda.