Jina la Kuandikwa

...na sasa limegota, hilo hapo, K, ulimi umeng'ang'ania kaakaa hautaki kuachia, hewa ipo kifuani tele, sina upungufu wa hewa mimi, sijawahi kuwa nao, na Shangazi ameshasema haya, jitambulishe kwa mwenzio, tumechoka kuandikiana, na mimi nimeshasema mimi ni, hiyo imetoka safi kabisa, mimi ni, ungedhani mtangazaji wa redio, halafu ikafuata Kioo na Kioo haikuja, basi, nimekaa hapa chumba cha nyuma cha duka la miwani, simu sikioni, mkono mwingine umeshika lenzi ya mteja inayodondosha maji ya mashine kwenye suruali yangu, na K, mpumbavu mimi, kati ya majina yote ya dunia nikajipa Kioo, siku ile najiandikisha kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile tunayoiandika wenyewe, nilitazama mezani nikaona vioo nikaandika Kioo, sikuwaza hata kidogo, lile lilikuwa jina la kuandikwa, nani angeniambia litakuja kutamkwa, ningejiita Miwani sasa hivi tungekuwa tunaongea mambo ya maana, M hunipenda, M haijawahi kuniangusha mbele za watu... huko mbele ya pazia mwenye duka anamwambia mteja fremu hiyo imekukaa, haijamkaa, naijua sauti yake akidanganya, na simuni kimya, kimya cha watu wawili wanaongoja, Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote ninayemjua, ni mhariri mkongwe tu, tunamwita hivyo kwa sababu anagomba na kusamehe ndani ya sentensi moja, na huyo mwingine, Kobe, mgomvi wangu, Kobe ambaye kwa wiki hizi zote nimemtukana kimoyomoyo nikisaga lenzi mpaka nikasaga moja ikawa nyembamba mno nikalazimika kuirudia...

aliniondolea sehemu yangu, huyu, tusisahau, sehemu nzima, tena fupi tu, kwenye makala ya kigugumizi, na aliyetunga neno kigugumizi hakika hakuwa nacho, niliandika namna ya kuongea na mtu wa hivyo, usimmalizie neno, usimwambie apumue, usitazame saa, msubiri, basi, na Kobe akaifuta akaacha ujumbe wake mkavu, hakuna chanzo, nikairudisha, akaifuta, nikairudisha nikiwa na hasira zangu zote, akaifuta, mpaka Shangazi akaufunga ukurasa asiuguse yeyote, akatupeleka kwenye ukurasa wa majadiliano tukatoane roho huko kwa adabu, na huko ndiko Kobe akaniuliza, umejuaje? Maneno mawili tu... hapana, ni neno moja, umejuaje, nikaandika najua, akaandika, najua si chanzo, lete kitabu, lete jarida, na ana haki, ndiyo sheria yetu hiyo, hata daktari akija pale haruhusiwi kusema najua kwa sababu mimi ni daktari, sote pale ni sawa na waliozaliwa jana, na mimi ningesema nini, kwamba chanzo ni mimi, kwamba chanzo ni yule muuza duka wa utotoni, mama alinituma sukari, nikagota kwenye S, na yule baba wa watu kwa wema wake akaanza kunisaidia, sabuni? siki? sufuria? soksi? na nyuma yangu foleni, na watu wanacheka, na nikaitikia sabuni kwa kichwa ili tu yaishe, nikarudi nyumbani na sabuni, mama akanitazama, akaitazama sabuni, akasema haya baba, leo tutakunywa chai ya povu, tukacheka mpaka machozi, lakini usiku ule... hapana, siendi huko, nilikuwa nasema nini, chanzo, ningeandika hivyo wangenifuta kabla sijaweka nukta, na sikutaka, pale ndipo mahali pekee duniani ambapo mimi ni msemaji, huko naandika kurasa na kurasa, nagomba, nafafanua, natania, hakuna anayenionea huruma, hata mmoja, ukinikuta kwenye majadiliano utasema huyu bwana alizaliwa anahutubia, na sikutaka wajue...

"Kioo?" Shangazi huyo, sauti imepanda kidogo, "Upo? Naona kama mtandao umekata."

nipo Shangazi, nipo mno, ni K tu, ipishe, na mkono wangu umeanza kushuka, naujua mkono huu, unatafuta kitufe chekundu, umezoea, ukishakata unaandika ujumbe wa haraka, samahani chaji imeisha, simu hii chaji yake imeisha mara nyingi kuliko simu zote za mji, ndivyo nilivyoikwepa simu hii tangu Shangazi alipoipendekeza, nikasema nasafiri, nikasema mafua, nikasema mtandao, mpaka Kobe akaandika pale hadharani kwamba mtu mwenye hoja haogopi sauti yake, ah, hiyo iliniingia, nilikaa nayo siku nzima, mke wangu akaniuliza una nini, nikasema hakuna, na leo asubuhi alivyosikia habari ya simu akasema nipe namba niongee mimi, na ni mapenzi hayo, najua, ndiye anayeongea na benki, na mwenye nyumba, na walimu wa watoto, na hata mezani nikisema niletee ch, chumvi imeshafika, na siku nyingine nilikuwa nataka chai, naikubali chumvi, namshukuru, naiweka pembeni... nikamwambia leo hapana, na Shangazi naye aliandika wazi, leo ikishindikana anatutoa wote wawili kwenye makala ile, hatuigusi tena, na kule chini kabisa imebaki ile sentensi ya zamani ya mtu asiyejulikana, kwamba mtoto wa hivyo hupona akishtuliwa, na iko pale, mzazi akitafuta ndiyo atakayoisoma, na najua, tena hapa sihitaji kitabu, najua ndoo ya maji baridi inavyokuja kwa nyuma ukiwa huna habari, mjomba wangu na nia yake njema, na jinsi mtu anavyobaki amelowa na neno bado limegota palepale...

kwa hiyo usikate, mkono, tulia, usikate, kuna mtoto mahali ana ndoo nyuma yake.

na tena leo hii asubuhi nilipofungua ukurasa kabla ya kuvaa koti la kazi, nikakuta kufuli la Shangazi limeondolewa na sehemu yangu imerudi, nikajua Shangazi kaniokoa, kumbe hapana, jina lililoirudisha ni Kobe, Kobe mwenyewe, na chini yake chanzo, kitabu cha wataalamu wa matamshi, na ukurasa, na mwaka, alikwenda maktaba, mtu mzima na shughuli zake alipanda akaenda maktaba kutafuta kitabu cha kumtetea mgomvi wake, na kwenye majadiliano akaniandikia, sikukosea kuiondoa, ila nilikosea nilivyokuuliza, nimesoma sura nzima, tusubiri saa ya simu, nikabaki nimeshika kikombe, kwa sababu niligundua kitu hapo hapo, kwamba angeniachia tangu mwanzo ingebaki sentensi yangu tupu, ya kupeperushwa na mpita njia yeyote, sasa ina miguu, sasa hakuna wa kuifuta, na aliyeipa miguu ni huyuhuyu niliyekuwa namsagia lenzi za watu kwa hasira, nikataka kumwandikia asante nikaona niiseme kwa mdomo, jeuri hiyo, ona imenileta wapi, imenileta kwenye K...

"Kioo, kama hunisikii kata, nitakupigia ten..."

"Shangazi." Huyo ni Kobe, sauti yake ndiyo hii, sikuijua, ni nzito na ya taratibu, nilidhani atakuwa na sauti ya karani mwenye gubu. "Hajapotea. Tumsubiri."

tumsubiri, amesema, na hakuniambia pumua, na hakuniambia pole pole kaka, na Shangazi amenyamaza, Shangazi, ambaye hanyamazi, na nikasikia upande wa Kobe kijiko kilichokuwa kinakoroga kikombe kimesimama, kikawekwa mezani taratibu, kisilie, na mama, mama mbele ya meza ya kupigia pasi, mimi nimerudi shuleni na habari ndefu, nimegota katikati, na mama akainyanyua pasi juu isije ikaunguza shati, akaishika hapo hewani, nzito vile, ya moto vile, akanitazama tu usoni mpaka neno likatoka, na hakuishusha kabla, hata siku moja hakuishusha kabla, na hayo sikuyaandika popote kwa sababu hayana chanzo, asante mama, na sasa mtu nisiyemjua uso ameweka kijiko chini, asante Kobe, nawe Shangazi, asanteni nyote, watu wagumu, watu wa lete kitabu, na huko mbele mteja amekataa ile fremu, safi, ana macho, maji ya lenzi yamefika gotini, na leo jioni nitamwambia mke wangu subiri kidogo mama watoto, ni chai, na K bado ipo, palepale ilipokuwa, haijasogea hata kidogo, sijui itaachia sasa hivi au baadaye, lakini mkono umeacha kutafuta kitufe, na upande wa pili hakuna anayekoroga chai.