Mlima Unaovuja

Mwaka tisini na saba dada Swabaha aliletewa kompyuta iliyotumika kutoka Dubai. Akaiweka kwenye duka lake la stationari pale mtaani Sokon One, akaifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mimi Najim, fundi wa kuandika mabango kwa brashi, nikapewa wiki moja ya majaribio. Sharti lenyewe: nimalize kava la kaseti ya kwaya ya mwalimu Melkizedeki kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo kiti akikalie binamu wa dada, Abdulrahman, nami nirudi kwenye ngazi yangu kuchora vichwa vya ng'ombe kwenye mabucha.

Mwalimu alikuwa ameuchora Mlima Meru mwenyewe kwa rula kwenye karatasi, mistari mitupu. Nikaufuatisha kwenye skrini, mstari kwa mstari. Ijumaa asubuhi ilibaki kujaza rangi tu. Programu ilikuwa na brashi ya ajabu: ukibonyeza katikati ya mistari inajaza yenyewe, tena si rangi laini ya ukutani, ni kijani chenye mikwaruzo, kama msitu ukiuona kwa mbali.

Nikabonyeza. Msitu ukaota mpaka angani. Ukafunika jua, ukafunika na jina la kwaya.

Nikafuta, nikabonyeza tena polepole, kwa adabu. Ukaota vilevile. Nikachukua brashi ya mawe. Mawe nayo yakapaa mbinguni.

"Najim, hiyo kwaya inaimbia vichakani?" Swabaha akauliza.

"Dada, mashine yako imelogwa hukohuko Dubai."

"Haya, ng'ombe wa bucha wanakusalimu."

Saa nane ndipo nilipoikuza picha nikaona kulia mistari miwili haijakutana. Rangi ilikuwa ikivujia hapo! Mzee wa watu mkono umemtetemeka, nikasema, nikaunganisha. Nikabonyeza. Msitu ukatulia ndani.

Mwalimu akafika saa tisa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani kauziba mlima wangu?"

Nikamtazama Swabaha. Swabaha akatazama dari.

"Umewahi kufika Ngare Nanyuki, kijana?"

"Bado, mwalimu."

"Ndiyo maana. Ninyi wa mjini mnaona mgongo wake tu. Kwetu mashariki ukuta haupo, ulibomoka zamani, tunauona mpaka tumboni. Wanakwaya wangu wakiona huu watasema ni mlima wa watu wengine. Fungua."

Fungua! Nikifungua, msitu unatoroka. Nikifunga, mwalimu anatoroka. Swabaha keshainua simu, anazungusha namba za kina Abdulrahman.

Mwishowe nikauacha ule mstari wa kuzibia palepale, ila nikaunyang'anya rangi. Upo, hauonekani. Msitu ukakomea mlangoni.

Mwalimu akasogeza miwani. "Umefungua?"

"Nimefunga, mwalimu."

"Mbona uko wazi?"

"Uko wazi, ndiyo."

"Kwa hiyo umefungua."

"Hapana, nimefunga."

Akapitisha kidole kwenye kioo, akautafuta mstari, akaukosa. "Haya, chapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Swabaha akarudisha simu. "Kesho uwahi. Na hicho kitambaa utakifua wewe."

Nikatoka nje nikautazama Meru. Kutoka pale dukani ulikuwa umefungwa kote, hauna hata ufa. Nikafumba jicho moja, nikafumba na la pili. Bado nilikuwa sijui upi ni mlima wenyewe na upi ni ule niliouchora mimi.