Cherehani cha Tatu

Mimi si mtu wa kutoa asante ovyo. Waulize wateja wangu: nguo ikikaa vizuri najisifu mwenyewe, ikikaa vibaya naulaumu mwili wa mwenye nguo. Lakini yule karani wa masjala ya halmashauri, mama mfupi wa miwani ambaye mji mzima unamwita Bi Mhuri, namshukuru kila ninapofungua mlango wa karakana yangu. Asingekuwa yeye, mume wangu angetolewa kwenye udiwani kwa aibu ya hongo ambayo hakuila, na mimi ningekuwa nimeshafunga kazi.

Mume wangu ni fundi bomba. Watu walimchagua kuwa diwani kwa sababu alishaingia jikoni na chooni mwa karibu kila nyumba ya kata yetu, akajua maji yanavuja wapi na nani hana maji kabisa. Hata baada ya kuapishwa waliendelea kumwita Koki. Wiki ya pili akarudi nyumbani na fomu ya tamko la mali, kurasa sita: nyumba, mashamba, akiba, vyombo vya kazi, vyake na vya mkewe. Ikishajazwa inabandikwa ubaoni nje ya masjala, asome anayetaka.

"Vya mkewe?" nikauliza. "Mkewe kagombea lini?"

"Ndiyo sheria, mama watoto."

"Sheria ndiyo iliyoninunulia cherehani?"

Nilikuwa na sababu zangu. Nina vyerehani viwili: cha kukanyaga, alichoniachia marehemu mama, na cha kudarizi cha umeme, nilichokinunua baada ya miaka minne ya kushona sare za shule huku nikivaa kandambili zilizoshikizwa kwa waya. Ndugu hawakujua bei yake, na nilitaka wafe bila kuijua. Ukibandika mali yako ukutani, umewaandikia ndugu mwaliko. Hilo mpaka leo sijalibadilishia mawazo. Fomu ilipobandikwa, shemeji yangu alikuja kunisalimia siku tatu mfululizo, mtu ambaye hata nilipojifungua hakunijulia hali.

Koki aliijaza fomu peke yake, mezani, kwa kalamu anayoichomeka sikioni. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile angelifanya fundi bomba tu. Fundi bomba haandiki vifaa kwa kipimo kamili. Akihitaji mita kumi anaandika kumi na moja, akihitaji koki mbili anaandika tatu, kwa sababu bomba hupasuka na duka hufungwa. Basi mwenzangu akaorodhesha mali zetu kama anavyoandika makadirio ya kazi. Ngazi moja ikawa mbili, spana sita zikawa saba, vyerehani viwili vikawa vitatu. Chini kabisa, kwa mazoea, akaandika: "Ufundi, maelewano."

Kesho yake Bi Mhuri akamwita. Mume wangu ndiye aliyenisimulia, naye hajui kutia chumvi.

"Mheshimiwa, cherehani cha tatu kiko wapi?"

"Hakipo, mama. Hicho ni cha dharura."

"Cha dharura?"

"Nimeongeza kidogo tu, isije ikapungua."

Bi Mhuri akavua miwani. "Mwanangu, wanaopunguza nimewazoea. Wanaoongeza ndio wananinyima usingizi. Mtu anaandika leo gari ambalo hana, mwakani analipokea kwa mlango wa nyuma, akiulizwa anasema mbona nilishaliandika? Wewe umejiachia nafasi ya cherehani kizima. Nani atakuja kuijaza?"

Koki akaapa kwamba hana nia hiyo. Bi Mhuri akamjibu kwamba fomu haina mahali pa kuandika nia. Akamrudishia aijaze upya, na Alhamisi akaja mwenyewe kuhesabu.

Alikuja kwa miguu, daftari kwapani. Nilimwamkia kwa sababu ni mkubwa wangu, si kwa sababu nilipenda. Akahesabu mikasi, pasi, meza ya kukatia. Akapiga magoti mbele ya cherehani cha kudarizi, akanakili namba iliyogongwa kwenye bati la chini, kisha akaomba risiti ya kununulia. Risiti! Niliitafuta ndani ya kopo la vifungo huku nikisonya.

"Mama, na namba ya sindano utaitaka?"

"Ikiwa nayo, nitaiandika," akajibu bila kucheka.

Alipoinuka niliona pindo la sketi yake limefumuka kwa nyuma, kiasi cha shubiri moja. Jicho la fundi halikosi. Siku nyingine yoyote ningemwambia, "Mama, kaa hapo nikushonee." Siku ile nilinyamaza, nikamwacha azunguke nalo mjini. Ndivyo hasira yangu ilivyokuwa ndogo na mbaya, na nikiikumbuka naona haya.

Mwaka ukapita. Halmashauri ikampa mkandarasi mmoja kazi ya kulaza mabomba mapya sokoni, na kazi ilipoisha madiwani wakatakiwa kutia saini kwamba wameridhika. Wenzake wakatia. Koki akaenda na jembe na futi yake, akafukua, akapima, akakuta bomba ni jembamba kuliko la kwenye mkataba. Akakataa kusaini. Mkandarasi alimjaribu kwa maneno matamu, hayakuingia, akabadili njia.

Maneno yakaanza kutembea. Ati Koki hasaini kwa sababu anataka aongezwe. Ati alishakula mapema, na alichokula ni kile cherehani cha kudarizi cha mkewe. "Kwani mnadhani kile kimenunuliwa kwa kupunguza suruali?" Mtu akakipiga picha kupitia dirishani, picha ikazunguka kwenye simu za watu. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa ambavyo sijavigusa. Mwalimu mkuu akahamishia sare kwa fundi mwingine. Jirani ambaye nilimshonea gauni la harusi akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada, lisemwalo lipo." Nikaingia ndani nikalia. Miaka minne ya mgongo kuuma, na sasa jasho langu linaitwa hongo.

Kikao cha kumjadili kiliitishwa Jumatatu asubuhi, wananchi wakiruhusiwa kuingia. Kura ikimwangukia, anavuliwa udiwani siku hiyohiyo. Nilikaa nyuma kabisa. Mkandarasi akasimama, suti imemkaa vizuri, nikaichukia hata hiyo suti. Akasema Koki alimlazimisha amnunulie mkewe cherehani cha kudarizi, mwezi uleule alipopewa kazi ya soko.

Mwenyekiti akamwuliza Koki ana lipi la kusema. Mume wangu akasimama. Maneno hayajawahi kuwa kazi yake. Akasema tu, "Bi Mhuri alihesabu."

Bi Mhuri akaitwa. Akaingia na faili, akalamba kidole, akafunua kurasa polepole mpaka nikatamani kumnyang'anya.

"Cherehani cha kudarizi, kimoja," akasoma. Akasoma namba yake, akasoma namba ya risiti. "Kilinunuliwa na mke wa diwani miaka miwili kabla mumewe hajagombea. Kwenye fomu ya kwanza mheshimiwa aliandika vyerehani vitatu wakati anavyo viwili. Nilikifuta kile cha tatu. Ningekiacha, leo nisingekuwa na la kuwaambia."

Mwenyekiti akatuma watu wawili, mmoja wao rafiki wa mkandarasi, wavuke barabara mpaka karakana yangu. Walirudi na magoti yenye vumbi. Yule rafiki ndiye aliyesoma namba waliyoikuta, na Bi Mhuri akaifuata kwa kidole kwenye faili, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka ya mwisho. Zote zililingana.

"Sasa," mwenyekiti akamgeukia mkandarasi, "hicho ulichonunua wewe kiko wapi?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikalia tena, safari hii hadharani, bila kujificha. Kura haikupigwa. Mitaro ilifukuliwa wiki ileile, na ni Koki aliyeshika futi.

Sasa hivi watu huniuliza kama ni haki viongozi kuanikwa hivyo, mpaka sufuria za wake zao. Nawajibu kwamba mficha uchi hazai. Waseme. Waseme kilichopo, kisipungue na kisizidi, na awepo mtu wa kupiga magoti kuhakikisha. Shemeji bado anakuja kunisalimia. Bei hiyo nimekubali kuilipa.

Siku iliyofuata kile kikao nilikwenda masjala na kitambaa kizuri cha bluu, nikamwambia Bi Mhuri nataka kumshonea sketi, asinipe hata senti. Kwanza nilimwomba radhi kwa kusonya. Kuhusu kusonya alinisamehe, kitambaa akakisukuma kurudi upande wangu.

"Nikiipokea itabidi niiandike, mwanangu. Na nikiiandika itabidi nijieleze."

"Sasa nikushukuru vipi, mama?"

"Mwakani leteni fomu mapema." Akainuka, akanionyesha nyuma ya sketi. "Lakini pindo la sketi yangu limefumuka. Mwaka mzima nalishikiza kwa pini. Unatoza kiasi gani?"

Nikamtajia bei ileile ninayomtajia kila mtu, kwa sababu ningepunguza angejua. Alikuja Jumamosi, akakaa kwenye kiti cha wateja amejifunga khanga niliyomwazima, akalipa, akadai risiti. Nikamwandikia: pindo moja, mshono mmoja. Akaisoma, akaikunja, akaiweka kwenye pochi yake.

Niliyoyaandika ni kweli, ila si yote. Lile pindo nililishona kwa mkono, taratibu, kwa uzi wa rangi ya sketi yenyewe, na nilipofika mwisho nikageuka nikarudi mpaka nilipoanzia. Mishono ni miwili. Wa pili ni wa dharura.