Kikombe cha Mfalme

Mama Vigae alikuwa akimdharau Mkurugenzi tangu siku alipomsikia akiuita mtungi sufuria. Makumbusho yote yalimjua mama huyu kwa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuunganisha vigae vya vyombo vya kale, na chombo kikishasimama mezani hakikumficha kitu. Shingo nyembamba ni ya maji, yasimwagike njiani. Tumbo pana na kitako cha mviringo ni vya kupikia, moto uzunguke. Mambo ya wazi kabisa, alisema, ila kwa mtu aliyepata cheo kwa kujuana.

Chombo kilicholeta balaa kilikuwa kifupi na kizito, kitako bapa kisipinduke, mkono mmoja imara ubavuni, na mdomo wenye ukingo mpana uliolala kama kiti. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe ambao hata pua ingeutambua. Mkurugenzi alikizunguka, akakohoa kisomi, akatangaza kwamba ni kikombe cha mfalme. Akaagiza mfinyanzi atengeneze cha kufanana nacho, wageni wakinywee siku ya kufungua ukumbi mpya.

Mama Vigae akamfuata ofisini.

"Mkurugenzi, kile ni cha kukojolea usiku. Ukingo ule ni wa kukalia."

"Kwani mfalme alikuwa hakojoi?"

"Alikojoa. Ila hakukinywea."

Mkurugenzi hakucheka. Kwa upole wa kinafiki alimkumbusha kwamba amekaimu ukuu wa kitengo cha vyombo miaka nenda rudi, na kwamba siku ya ufunguzi jina lake litatangazwa, au halitatangazwa. Mama Vigae alitoka akisonya. Nyumbani alimmwagia mumewe sumu yote: kichwa maji yule, hajui kutofautisha mdomo na makalio. Mumewe akauliza kama basi atayasema hayo mbele ya watu. Akajibiwa angoje aone.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa suti na manukato. Kikombe kilipita mkono kwa mkono, na kila aliyekiinua alijimwagia kifuani, maana ukingo ule haukuumbwa kwa ajili ya midomo. Mgeni rasmi alisifu ladha ya maji. Mama Vigae alisimama nyuma akiwadharau mmoja mmoja, ulimi ukimwasha. Ndipo Mkurugenzi akashika kipaza sauti, akamtaja kuwa mkuu mpya wa kitengo cha vyombo, akamwita mbele anywe, kisha aseme neno.

Makofi yakapigwa. Akakipokea kwa mikono miwili. Maneno yote alikuwa nayo, ameshayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Akawatazama watu, akamtazama Mkurugenzi, akakiinua, akanywa. Maji yakamteremka shingoni hadi ndani ya gauni jipya.

Mpiga picha akaomba radhi, picha haikutoka vizuri. "Rudia kidogo, Mama. Na safari hii tabasamu."

Akatabasamu, akarudia.