Tumbo la Mkoba wa Silvère

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na wizi wangu ni ule wa mafundi wote: kitambaa cha mteja kikibaki, hubaki kwangu. Marehemu baba yangu alifanya hivyohivyo, na alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Basi msinikunjie uso mapema, ngojeni kwanza.

Silvère alikuja mwaka ule wa vyama vingi, 1992, akisukuma baiskeli. Alikuwa tarishi wa wakili mmoja mjini, akipeleka barua hadi Kagarama, na siku nyingine hadi Ndera. Alikuwa ameshajaribu begi la shule, likamkunjia karatasi za watu. Akajaribu mkoba wa dukani wenye ukanda mmoja, akipanda kilima ukawa unazunguka mpaka tumboni na magoti yanaupiga.

"Fundi, mimi nataka kitu ya kukaa kwa mugongo, isitembee," alisema. "Na mvua isiingie. Barua ikilowa, patroni ananifukuza."

Nilimpandisha juu ya baiskeli yake, ameegemea ukuta wangu, nikamwambia ainame kama anashuka mteremko. Fundi asiyejua hupima mtu amesimama. Nje nikaweka turubai la lori. Ukanda wa begani nikaukata kwenye mkanda wa kiti cha gari, mpana, na wa pili mwembamba ukapita chini ya kwapa kuushika mkoba usihame. Mfuniko niliukata mrefu uzibe mpaka ubavuni. Bado najisifu kwa kazi ile, Mungu anisamehe.

Kitambaa cha ndani alikileta mwenyewe, dirili nyeusi nzito. "Ndani weka nyeusi mara mbili," alisema. "Nyeusi haina chama."

Alijua anachosema. Mwaka ule kofia tu ilitosha kumng'oa mtu meno. Vijana wa chama hiki walikaa njia panda wakiwapekua wa chama kile, na kesho yake ilikuwa zamu ya wenzao.

Dirili ile ilikuwa nzuri mno, hapo ndipo shetani alipoketi. Niliweka nyeusi mara moja tu. Katikati, kati ya nyeusi na turubai, nikaweka vipande vilivyobaki kwenye mashati ya mkutano wa chama kimoja. Sitakitaja, ila rangi zake mbili hata mtoto wa miaka mitano alizijua. Nilijiambia, nani atapasua mkoba atazame matumbo yake? Nyeusi iliyobaki nikajishonea suruali ya Idi, nayo ilinikaa vizuri.

Silvère aliuvaa mkoba, akateremka mpaka chini na kupanda tena, anacheka peke yake. Kwa wiki kadhaa alinisifu kila alipopeleka barua.

Miezi miwili baadaye alikuja kwa miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitenge cha mkewe Gahongayire. Vijana wa chama kingine walikuwa wamempekua pale njia panda, kitambaa cha ndani kikachanika kwenye kona, rangi zikachungulia. Walimvunja mkono na baiskeli wakaondoka nayo.

"Ni Cassien," alisema.

Cassien alikuwa tarishi mwenzake. Silvère alipougua malaria, Cassien alizunguka na barua zake kwa mkoba uleule. Kona moja ikanasa kwenye msumari, naye akaishona mwenyewe kwa uzi mweupe asimrudishie mwenzake kitu kibovu.

"Alifungua pale, akaingiza ile takataka. Anataka kazi yangu. Patroni nimeshamwambia, Ijumaa anamfukuza." Akanitazama kama mtu anayemtazama ndugu. "Wewe uliweka nyeusi mara mbili. Wewe siwezi kukushuku, fundi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilichosema ni, "Binadamu wabaya, mwanangu. Niachie mkoba, nitautengeneza." Na siku ile suruali nilikuwa nimeivaa. Nilikaa nyuma ya cherehani mpaka alipoondoka.

Siku tatu zikapita. Ijumaa asubuhi akaja Cassien mwenyewe, mtu mwembamba, mpole, ambaye sikuwahi kumwona. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Fundi, ni wewe ulishona. Niambie tu: hiyo kitambaa ilikuwa ndani, ama haikuwa?"

"Sikumbuki," nikasema. "Nashona vingi."

"Wale marafiki ya Silvère wamesema nyumba yangu wanaijua. Nina watoto wanne."

Nilishindwa kumtazama machoni. Nikainuka kwenda kutafuta mkasi, na mkasi wenyewe ulikuwa palepale mezani. Kwenye kigoda changu ukabaki mto niliokuwa nimeukalia miezi yote ile, nilioushona kwa vipande vilevile, rangi zilezile mbili. Cassien aliutazama muda mrefu.

"Naomba hii," alisema, bila hasira. Akautia kwapani, akashika njia ya mjini, kwa wakili.

Njia ya mjini inapita pale njia panda. Nitasema yote: nilirudi nikaketi. Nikawaza, wakimkamata na mto ule, watu wote watasema kumbe kweli ni yeye, na mambo yataisha yenyewe. Wazo hilo sikuletewa na mtu, nililiwaza mwenyewe, nimeshika sindano. Nikajichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu mwingine.

Nikakamata mkoba, nikakimbia na kiatu kimoja. Nilimfikia hatua chache kabla ya njia panda, nikampokonya mto.

"Basi utie ndani ya mukoba," alininong'oneza. "Vijana wako pale."

Mkoba ungeumeza mto wote, na mfuniko ungeufunika vizuri, kwa kuwa niliukata mwenyewe.

"Kuficha nilishaficha," nikamwambia, nikaubeba kifuani.

Nilifika kwa wakili nikiwa na damu mdomoni. Mto vijana walikuwa wameuchukua, na mkoba pia. Cassien alikuwa amenishika kwapa, yeye hawakumgusa. Silvère alikuwa mezani akipanga barua kwa mkono mmoja, akaruka kunipokea, akaanza kumtukana Cassien kwamba ndiye aliyenifikisha pale.

Sikuwa na meno ya kusemea maneno mengi. Nilikaa kwenye kiti, nikamshika mkono wake mzima, nikauweka juu ya goti langu, juu ya suruali ile ya Idi. Aliipapasa ile dirili mara moja, mara mbili, akaijua.