Matawi ya Mtupa Mferejini

Samaki aina ya kuhe walielea ziwani tumbo juu, wakubwa kwa wadogo, na jua halijapanda vizuri wavuvi wa Bangwe walikuwa wameshapata mtu wa kumuua. Hawakumtafuta mbali. Mkulima Ntahomvukiye alikuwa ameshuka mlimani na mkewe, Goreth, kuuza muhogo. Wakamwangusha palepale mchangani.

"Mrundi katutilia sumu!" mvuvi Castory alipaza sauti, akamshushia kafi mgongoni.

Mtu amelima mlima ule tangu ujana wake, watoto wake wote wamezaliwa hapa, lakini siku samaki wakifa anageuka Mrundi! Niliacha dagaa wangu kwenye chanja nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Hakuna aliyenisikiliza. Walimpiga kwa makafi, kwa mawe, kwa mateke, na yeye akawa anasema "Mumbabarire, mumbabarire," akiomba msamaha wa kosa asilolijua. Goreth alishikwa mikono na wanaume wawili.

Aliyewapatanisha wavuvi na wakulima wa mlimani zamani ni Veneranda, dada yake Castory, mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Wavuvi walilalamika kwamba udongo wa mashamba unafunika mawe wanakozalia kuhe. Wakulima wakajibu kwamba miti ya mlimani iliishia kwenye moto wa wavuvi wa kukaushia samaki aina ya migebuka. Wote walisema kweli, ndiyo maana hawakusameheana. Veneranda akawapakia wakulima mitumbwini, wakaona kuhe, dume na jike, wanavyolinda mayai yao bila kula. Kisha akawapandisha wavuvi mlimani, wakapanda pamoja mistari ya miti ya mtupa, mizizi ishike udongo na fuko wauache muhogo. Kila mvuvi anajua majani ya mtupa yakiingia majini samaki hawaponi, hivyo walikubaliana yasisogezwe karibu na kijito.

Sasa Veneranda alikuja mbio kutoka mlimani, matope mpaka magotini.

"Mwacheni! Ni mimi!" alisema akihema. "Niliwaambia wakulima walaze matawi mferejini, ule unaoingia kijitoni, yazuie udongo. Nikasema matawi yoyote. Mtupa nilisahau kuukataza, na mvua ya usiku imeshusha sumu yake ziwani. Huyu alinitii tu."

"Dada, toka hapo."

"Samaki nimewaua mimi, Castory. Nipige mimi."

Akampiga. Dada yake wa tumbo moja! Veneranda alikinga kwa mkono na sote tukausikia mfupa ukikatika. Alipiga magoti, lakini hakulia. Alinyoosha mkono mzima kuelekea mlimani, ambako wingu lilikuwa limeshatanda.

"Matawi bado yamejaa kule juu," alisema. "Mvua ikinyesha kabla hayajatolewa, mayai yote yamekwisha. Mnabaki hapa kuua, au mnapanda?"

Wakapanda, na Castory mbele yao. Huko juu, nilivyosimuliwa baadaye, wakulima waliwangoja na mapanga mikononi, kwani habari ilikuwa imefika. Nshimirimana, mtoto wa kwanza wa Ntahomvukiye, alimkata Castory begani. Castory hakurudisha. Aliingia mferejini damu ikimchuruzika, akaanza kutupa matawi nje. Nshimirimana alisimama akimtazama, kisha radi ikapiga naye akaingia. Wakafuata wengine wote, wakitukanana, wakipokezana matawi. Mvua ilikuta mfereji mtupu.

Waliposhuka, Goreth alikuwa amekaa mchangani, kichwa cha mumewe mapajani. Nilikuwa nimeufunika mwili wa marehemu kwa kitenge changu. Nshimirimana aliona kile kitenge, akaanguka.

Castory alibaki wima. Naapa nilitamani apigwe na radi.

"Maji yamepona?" Goreth alimwuliza.

"Yamepona, mama."

"Basi mwoshe."

Nilidhani Castory atakimbia. Alichota maji ya ziwa kwa viganja, akaanza usoni. Polisi walipofika walimkuta amefika kwenye miguu ya marehemu, anatoa udongo katikati ya vidole, na Goreth akamwambia askari asubiri amalize.